Kiima ni nani

Nimeamka saa tisa usiku nikamjibu mzee wa watu. Jibu lilikuwa zuri, la heshima, limepangika. Tabu ni kwamba aliniuliza Jumanne mchana na leo ni Ijumaa.

Mnaonisoma tangu ile habari ya jenereta mnaijua kazi yangu. Mimi ndiye mwandishi wa vikao vya halmashauri: Kamati ya Fedha na Uongozi kila mwezi, kamati nyingine zikifika zamu zao, na Baraza la Madiwani kila robo. Wiki hii Baraza limekaa siku mbili, Mkurugenzi kahamishwa katikati yake, mdogo wangu kajifungua salama mtoto wa kike (hongera zenu nimeziona, asanteni), na wakaguzi wamefika na mabegi yao. Yote hayo yamepita kama upepo. Kilichobaki kichwani ni dakika mbili za mapumziko ya chai, mimi nikiwa na chapati mkononi.

Siku ya kwanza ni ya taarifa za kata. Meya anaingia na joho, siwa mbele yake, tunasimama, dua inasomwa, halafu vishikwambi vinawashwa na nusu ya waheshimiwa wanaulizana nani ana waya wa chaji. Kisha kata moja baada ya nyingine. Zahanati imefika kwenye lenta. Matundu sita ya vyoo yamekamilika, bado milango. Gari la taka halijapita wiki ya pili. Taa za sola pale kona ya soko zimeibiwa betri. Taarifa imepokelewa, anayefuata. Mimi mkono unaandika wenyewe, masikio yako nusu, na nusu nyingine nawaza watoto wamekula nini. Nyuma kuna mabenchi ya wananchi, maana Baraza ni la wazi na yeyote anaruhusiwa kuja kusikiliza. Kwa kawaida wanakaa watatu wanne. Safari hii alikuwepo mzee mmoja, shati jeupe la mikono mirefu, kofia ya kiua, daftari la shule la kurasa arobaini mapajani.

Kwenye chai akanifuata. Alikuwa na ule ukurasa wa yatokanayo, unaoonyesha maazimio ya nyuma yamefikia wapi, nadhani diwani wake alimchapia. Kidole chake kilikuwa kimeshatua kwenye safu ya mwisho, ile ya utekelezaji.

“Wewe ndiye mwandishi wa haya?”

“Ndiyo, baba. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Nina swali dogo tu, la darasa la nne. Hapa kwenye kivuko cha shule mmeandika ‘Utekelezaji unaendelea.’ Hiyo *na* ni ya wakati gani?”

Nikacheka kidogo. “Wakati uliopo.”

“Uliopo. Yaani sasa hivi, wewe na mimi tukiongea hapa, kuna mtu yuko mtaroni anatekeleza.”

Nikanyamaza.

“Na mtendaji ni nani?”

“Mtendaji wa Kata yuko masomoni, baba, kuna anayekaimu.”

“Simuulizii huyo. Mtendaji wa kitendo. Kiima ni nani?”

“Kiima ni… utekelezaji.”

“Utekelezaji ndio umeshika koleo?”

Ningenyamaza hapo mambo yangeisha. Lakini mimi, na digrii yangu, na chapati yangu, nikamwambia: “Hiyo ni lugha ya ofisi, baba.”

Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka kwenye daftari, daftari akaliweka kwapani.

“Ahaa. Basi samahani, mwanangu. Mimi nilidhani ni Kiswahili.”

Akaondoka. Wala hakusema kwa kejeli, hilo ndilo linaloniuma. Angenikejeli ningekuwa na pa kushika. Alisema kama mtu aliyekosea mlango, akaomba radhi, akaurudisha taratibu. Baadaye dereva wetu ndiye aliyeniambia: mwalimu mstaafu, kafundisha Kiswahili shule ileile ng’ambo ya mtaro, na wajukuu zake wanasoma hapo.

Usiku wa Jumanne nilimjibu kwa mara ya kwanza nikiwa jikoni. Nilimwambia: Mwalimu, barabara za mitaa tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na meneja wao huja Barazani kujieleza. Kisha nikakumbuka kwamba kivuko hiki si cha TARURA. Tulikipitisha wenyewe, kwa mapato ya ndani, hivyo hakuna pa kukisukumia. Nikaanza upya. Mwalimu, mapato ya ndani yana safari yake: asilimia kumi inatoka kwanza kwa sheria, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Kuna makusanyo yaliyokuja chini ya makisio. Kuna ununuzi, ambao sasa unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, na mfumo hauruki hatua kwa sababu mtoto amevua viatu. Yote kweli tupu, naweza kuyaapia. Halafu namwona anaitikia kwa kichwa, mpole, ananiuliza: na kiima ni nani?

Baba watoto nilimsimulia mezani nikitegemea anionee huruma. Akaweka kijiko chini.

“Mbona 1,500 ya kodi ya jengo ikikatwa kwenye umeme wa luku kila mwezi mtendaji anajulikana?”

Nikamweleza kwamba hiyo haiji kwetu moja kwa moja, inaingia Hazina kwanza. Akasema, “Ona sasa. Unaandika muhtasari mpaka kwenye ugali.” Watoto wakacheka. Nikasusa, nikaosha vyombo kwa hasira, sahani moja imepata ufa.

Jumatano nilimwambia bodaboda apite njia ya shule. Nilitaka niwe na hoja, sikufichi. Nilitaka nikute hata fundi mmoja.

Mvua ilikuwa imeacha kama saa moja hivi. Mtaro ule kiangazi unauvuka kwa kuruka, sasa maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa yakienda mbio, na juu yake mbao mbili. Moja ni ya ujenzi, nyingine ni ubavu wa kitanda. Bado ina zile tundu za bolti. Msichana mkubwa, labda wa darasa la sita, alikuwa amesimama ndani ya maji yakimfika magotini, anapokea mabegi ya wadogo mmoja mmoja anayapitisha ng’ambo, kisha anawashika mkono. Hakuna aliyemwamuru. Ana utaratibu wake: begi kwanza, viatu, halafu mtoto. Alipomaliza akatoka, akakamua sketi, akaenda zake.

Na pembeni, utekelezaji ule pale. Lundo la mawe na kokoto lililoota majani. Mifuko mitatu ya saruji, karatasi imeshaoza na kubanduka, imebaki saruji yenyewe iliyoganda na umbo la mfuko, mpaka alama ya mshono ipo. Mbuzi amelala juu ya mmoja. Bodaboda akaniuliza, “Mama, tunasubiri mtu?” Nikamwambia twende.

Usiku huo hasira ilihama. Jumanne nilimkasirikia Mwalimu, Jumatano nikawakasirikia wahandisi, bosi, wazabuni, mvua. Mpaka Alhamisi asubuhi, niliposhuka masjala kutafuta nani hasa alianza kuandika *utekelezaji unaendelea*, ili nimkasirikie huyo.

Mtani wangu wa masjala akanitolea majalada ya Baraza, nikakaa sakafuni. Azimio la kwanza ni la Agosti mwaka juzi: “Mkurugenzi ajenge kivuko kabla ya mvua za masika.” Sentensi safi, ina mtu, ina kazi, ina muda. Novemba: “Mkurugenzi aharakishe ujenzi wa kivuko.” Masika yameshatoka kwenye sentensi. Februari: “Mkurugenzi afuatilie.” Kivuko nacho kimetoka. Mei: “Ufuatiliaji unafanyika.” Mkurugenzi hayupo tena. Na kuanzia Agosti, kikao baada ya kikao: “Utekelezaji unaendelea.” Mara nne, pamoja na ya juzi. Novemba pekee ndipo palikuwa na ukweli kidogo, maana mawe na saruji vilishushwa Septemba.

Chini ya kila muhtasari kuna jina la mwandishi na sahihi. Zote ni za kwangu. Hakuna bosi aliyeniambia nimtoe Mkurugenzi kwenye sentensi. Nilimtoa mwenyewe, kikao hiki kidogo, kikao kile kidogo, kwa sababu sentensi yenye mtu ndani yake huzua maswali, na maswali huchelewesha kikao, na kikao kikichelewa nakosa daladala ya saa kumi na moja. Chuo cha Serikali za Mitaa, Hombolo, tulifundishwa kinyume kabisa: azimio liwe na mhusika na tarehe. Nilipata A kwenye somo hilo. Cheti kiko sebuleni.

Sasa ndugu zangu, hapo nilitegemea nilie. Badala yake mtani wangu akasema, “Kama unapenda habari za zamani, ngoja,” akapanda ngazi, akashusha jalada limefungwa kwa kamba ya katani. Miniti za mashine ya chapa, karatasi nyembamba ile ya kunguruma kama ganda la kitunguu, herufi *o* zimetoboa. Nikasoma moja: “Bwana Afya atamwaga dawa kwenye mitaro ya soko Jumatatu.” Nikafunua kikao kinachofuata, nikaenda kwenye yatokanayo. “Bwana Afya hakumwaga dawa. Aliulizwa sababu. Alisema baiskeli ilikuwa mbovu.” Nikafunua kingine. “Baiskeli imetengenezwa. Dawa imemwagwa. Harufu ilikuwa kali, wachuuzi walilalamika.”

Nilicheka mpaka mtani akafunga mlango. Nikazisoma tena kwa sauti. Sijui aliyeandika ni nani, sahihi yake ni kama mdudu aliyedondokea wino, lakini nilimpenda ghafla. Hana woga wowote. Bwana Afya hakumwaga dawa! Maneno manne tu, na unamwona Bwana Afya kasimama mbele ya kikao, anajikuna kisogo, anafikiria mnyororo wa baiskeli. Nilipiga picha, nikairusha kwenye kundi la waandishi wenzangu wa vikao. Mmoja tu ndiye aliyejibu, na alichoniuliza ni kama posho zetu zimetoka.

Nilipanda ofisini nikiwa mwepesi namna ambayo sijawa tangu mwaka huu uanze. Jedwali la yatokanayo la Kamati ya Fedha lilikuwa linanisubiri. Nikafika kwenye kivuko, nikafuta ile safu, nikaandika: “Kivuko hakijajengwa. Mawe na kokoto vipo. Saruji mifuko mitatu imeharibika. Mhandisi ataleta makisio mapya.” Mhandisi mwenyewe nilimpigia kwanza, msidhani namsingizia mtu; alikohoa kidogo, akasema sawa, weka tarehe 30. Nikaweka tarehe 30. Nikamtumia bosi nikiwa nimetabasamu kama mjinga.

Leo saa nne imerudi. Bosi wangu si mtu mbaya, mnamjua, ndiye aliyenipa ruhusa ya wiki mbili wakati ule wa mama. Kaandika kwa kalamu nyekundu, mwandiko mzuri: “Mama, ‘hakijajengwa’ inagonga mno, na wakaguzi wapo, na Mkurugenzi mpya anaripoti Jumatatu. Tuseme ‘kipo katika hatua za awali.’” Nikamfuata. Nikamuuliza, hatua za awali za nani? Akaniangalia juu ya miwani.

“Umepatwa na nini wiki hii?”

Nikamwambia nina usingizi. Ni kweli, ninao.

Makabrasha ya kikao cha Kamati yanapandishwa kwenye vishikwambi Jumatatu saa nne asubuhi. Nina rasimu mbili kwenye kompyuta, ya kwangu na ya kwake, na sijafuta yoyote. Nikifungua ya kwake namwona Mwalimu anakunja karatasi. Nikifungua ya kwangu naona kalamu nyekundu. Nimezifunga zote, nikarudi nyumbani na daladala ya saa kumi na moja, siti ya dirishani, jambo ambalo halijatokea siku nyingi.

Jingine. Kitindamimba wangu juzi alinifungulia mdomo nimwangalie, kuna jino la ukubwani linaota nyuma ya lile la utoto, yamepangana kama watu kwenye foleni ya benki. Mama kwa simu anasema nifunge uzi kwenye kitasa cha mlango, ndivyo alivyotung’oa sote. Baba yake anasema tusiguse, twende hospitali Jumatatu, na Jumatatu ndiyo hiyo ya makabrasha. Nimemulika kwa tochi ya simu mara tatu usiku huu akiwa amelala. La mbele halijalegea hata kidogo.