Land Rover ya Mzee, ile ya mita katikati

Juzi kwenye grupu la familia mtu karusha tena zile video za Arusha, za tamasha la Land Rover la Oktoba 2024, msururu hauishi, 109 ndefu zimo, Defender zimo, zile fupi za zamani zimo. Anayepiga video anaisogelea moja ya kijani anasema "hii sasa ndo original, haijaguswa kitu". Nikasimamisha video hapohapo nikaivuta iwe kubwa. Rangi sikuwa na shida nayo, matairi wala, nilikuwa natafuta mita, zile saa za spidi na mafuta, ziko wapi. Zilikuwa mbele ya dereva, halafu shoo, ile grili ya mbele, ni ya waya. Yani ndani Series III, usoni Series II, toleo la kabla yake. Kwa hiyo na hiyo imepita mikononi mwa mafundi kama ya kwetu tu, na nikaipenda zaidi kwa sababu hiyo.

Basi nikaikumbuka Krismasi ya 2022, Njombe, sebuleni kwa wazee.

Gari yenyewe ni ile 109 ya kijani ya Mzee, baba yangu, iliyokuwa inapiga Njombe–Makete kabla ya lami, abiria nyuma wamekaa kwenye mabenchi, magunia ya viazi chini ya miguu yao, turubai juu, na ikinyesha wote wanashuka kusukuma. Kwenye kadi iliandikwa 1970, maana yake ilizaliwa Series IIA, toleo la katikati ya II na III. Ilizaliwa na paa zima mpaka nyuma, fundi bodi mmoja wa Makambako akalikata nyuma ya milango ya mbele ikawa pikapu. Mlango wa kushoto ulitoka gari nyingine. Injini nayo ilikuja kutoka, ikawekwa ya Isuzu ya dizeli. Ikauzwa chuma chakavu nikiwa form two, na picha yake iliyobaki ni moja, mama kasimama mbele ya boneti na kitenge, gari linaonekana robo.

Mimi hizi gari ndogo za plastiki za kujenga nilishakuwa nazijenga miaka, ila zile zinazotoka kwenye boksi kama zilivyo. Ya Mzee hakuna boksi linalotoka hivyo duniani, haiwezekani, maana kiwanda hakikuwahi kutengeneza gari ile, ilitengenezwa na barabara ya Makete. Kwa hiyo dawa ni kuchanganya. Binamu yangu wa Ujerumani akaniletea boksi la kampuni ya Revell, Series III 109 ya station wagon, kipimo cha 1/24, yani gari la kweli limegawanywa mara ishirini na nne. Boksi la pili la kampuni ya Italeri, 109 hiyohiyo lakini gari la zimamoto, mtu alianza kulijenga akachoka, akaniachia kwa bei ya kuelewana. Matairi ya mbele nikatoa kwenye boksi la Hilux la kampuni ya Aoshima, kwa sababu ya Mzee haikuwahi kuwa na matairi manne yanayofanana, na kama ningeweka manne yanayofanana mtu yeyote aliyewahi kuipanda angejua ni uongo.

Niseme hapa kidogo kwa wanaotaka kujaribu. Boksi za Ulaya na Japani nyingi ni 1/24, za Kimarekani nyingi ni 1/25, na watu wanadhani ni kitu kimoja. Sio kimoja. Ekseli ya mbele mpaka ya nyuma kwenye 109 ni inchi 109, ndo jina lake, kwenye 1/24 hiyo ni karibu milimita 115, kwenye 1/25 ni kama 111. Milimita nne na ushee kwenye chesesi, ile fremu ya chini, ni nyingi sana, madigadi hayakai, mlango haufungi. Lakini kwenye benchi la abiria hakuna atakayeona, kwa hiyo siti za pikapu ya Kimarekani zikawa mabenchi yangu ya nyuma na zilikaa vizuri kabisa. Kanuni yangu ni hiyo, mifupa itoke kipimo kimoja, vya kukalia tafuta popote.

Paa la station wagon nililikata kwa kipande cha jino la msumeno wa chuma, taratibu, unakata unapumzika, plastiki ikipata moto inayeyuka inashika jino. Ukuta wa nyuma wa kebini nikautengeneza kwa zile kadi zinazobaki ukishabandua laini ya simu, ni plastiki nzuri, ngumu, na zinapatikana kila kibanda. Puti nikachukua ya mafundi rangi wa Gerezani, ileile wanayoziba nayo magari ya kweli. Shoo ya boksi ni ya plastiki kama Series III zote, nikaitupa nikaweka wavu wa chujio la chai. Turubai ni tishu niliyolowesha kwenye gundi nyeupe iliyotiwa maji, ikikauka inabaki na mikunjo yake. Bawaba za mlango wa kulia nikazijenga zikatokeza, maana IIA zilikuwa zinatokeza, ila za kushoto nikaziacha bapa kama zilivyotoka kwenye boksi, kwa sababu mlango ule wa kushoto kweli ulikuwa wa Series III. Hiyo sehemu ilinifurahisha jinsi gani sijui niwaeleze vipi.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa dashibodi. Series IIA mita zake ziko katikati, mbili kubwa za duara kwenye bamba moja, spidomita na ile yenye mafuta na vingine pamoja. Series III walipoanza kuitoa 1971 wakazihamishia mbele ya dereva. Boksi zangu zote mbili ni Series III. Kwa hiyo dashibodi ya zimamoto nikaikata nikatoa mita zake mbili, ya Revell nikaikwangua pale mbele ya dereva mpaka ikawa tupu, katikati nikaweka bamba la kadi ya simu na zile duara mbili juu yake. Namba nikazichora kwa sindano. Nilikuwa nafanya usiku, mtoto kalala, taa ya mezani inaniunguza shavu. Mume wangu akaniuliza hii si ukishafunga paa haionekani? Kweli haionekani. Ukifunga paa ndani ni giza, kuna kioo cha mbele kidogo kama ukucha wa dole gumba na ndo basi. Nikamwambia najua.

Dar–Njombe siielezei. Mbezi stendi alfajiri, boksi la keki mapajani, Kitonga nimeliinua kwa mikono miwili ili lisitikisike, Makambako baridi imeanza. Nilifika.

Tulikula kwanza. Jiko la mkaa limewekwa katikati ya sebule maana Desemba ile ilikuwa na mvua na ukungu, Mzee kajifunga lile shuka lake. Nikaweka boksi mezani nikafungua nikakaa pembeni, sikusema kitu.

Mzee hakuishika. Alisogeza kiti, akatafuta miwani, akafuta mikono kwenye suruali mara mbili, ndo akainyanyua. Akaigeuza chini kwanza! Akaangalia chesesi, springi, difu, kimya. Akaigeuza akapitisha kidole juu ya shoo ya waya, kucha ikawa inakwaruza ule wavu, krrr. Akaangalia tairi la mbele, akaangalia la nyuma, akaguna. Halafu akaniambia bila kuniangalia, "Mama, washa tochi ya simu."

Nikawasha nikampa. Akaisogeza kwenye dirisha la dereva, akafumba jicho moja, lile lililobaki akalisogeza mpaka miwani ikagusa kioo cha upande wa pili. Mwanga ukaingia humo ndani ukatokea mbele, nikaona usukani umepiga kivuli kwenye shati lake. Akakaa hivyo. Mdogo wangu akataka kusema kitu nikamshika mkono. Mkaa ulikuwa unalia chini pale. Mzee akaisogeza tochi kidogo kulia, akairudisha, na mdomo wake ukawa unatembea kama mtu anayesoma.

"Mita ziko katikati."

"Ndiyo baba."

"Nani kakwambia?"

Nikamjibu, baba nilikuwa nakaa pale. Siti ya mbele ya 109 ni ya watu watatu, Mzee, konda dirishani, na mimi katikati likizo zote, magoti yangu yanagusana na gia, ile spidomita iko usoni kwangu mimi kuliko kwake yeye. Namba nilijifunzia pale. Na siku konda akikaa nyuma, pale dirishani alikuwa anakaa mwalimu mkuu mmoja mama wa makamo, mwisho wa mwezi anaenda Njombe kufuata mshahara, naye alikuwa anaiona spidomita vizuri tu, basi safari nzima ni "Dereva, sitini hiyo! Dereva, sitini hiyo!" na Mzee anapunguza kweli, anapunguza bila kubisha. Hiyo ndo faida ya mita za katikati, gari zima linamwona dereva anafanya nini. Sijui kwa nini walizihamisha.

Mzee aliposikia habari ya mwalimu akacheka mpaka akaiweka gari mezani.

Halafu akaanza. Mlango wa kushoto, akaugusa, akasema umeweka bawaba bapa, sawasawa, huu ulitoka kwenye station wagon ya misheni iliyopinduka Kitonga, dereva alitoka mzima, akakaa pembeni ya barabara anauza kiatu chake kimoja kwa sababu kingine hakikuonekana, na mlango ule Mzee aliupata Makambako kwa magunia ya viazi, sio pesa. Sikuwahi kuisikia hiyo. Nimekaa kwenye gari ile utoto wangu wote, nimeupanda na kuushuka mlango ule, sikuwahi kujua una mtu nyuma yake. Akaendelea, boneti, bampa, lile bomba la turubai ambalo lilikuwa la bomba la maji la shule fulani, kila kipande kina kijiji chake. Nilitamani niandike lakini nikaogopa nikichukua karatasi atanyamaza.

Akanyanyua boneti kwa ukucha. Nilikuwa nimeweka injini iliyokuja kwenye boksi, ile ya petroli ya lita 2.25, ndo iliyozaliwa nayo. Akaitazama akaifunga.

"Weka Isuzu."

Mama akajibu kutoka jikoni, na sikujua kama alikuwa anasikiliza muda wote, "Usiweke. Iache hivyohivyo." Akatoka na kitambaa cha kukaushia vyombo. Akasema gari yenu ilikufa siku mliyong'oa injini. Mzee akasema gari ni chesesi, chesesi ilikuwa ileile na namba yake mpaka siku inapimwa kwenye mzani wa chuma chakavu. Mama akasema yeye chesesi hajawahi kuiona. Yeye gari alikuwa anaijua kwa mlio, ikishika kile kilima cha chini alikuwa anaisikia anateleka maji ya kuoga, ikifika uani maji yako tayari. Walipoweka Isuzu ikawa inalia kama malori yote, akawa anateleka maji kwa ajili ya watu waliokuwa wanapita kwenda Makete, na siku nyingine Mzee anafika maji hayapo.

Mzee hakujibu hiyo. Kwa mara ya kwanza naona hana la kusema kuhusu gari ile. Akachukua chai.

Nimeifikiria sana tangu siku ile, hasa nikiwa nakata kitu cha mtu kingine nakiingiza kwenye kingine. Nilidhani najenga gari moja. Kumbe kila mtu pale sebuleni alikuwa na yake, ya Mzee ina namba ya chesesi, ya mama ina mlio, yangu ina mita usoni, na zote zinasema ndizo zenyewe. Nani yuko sahihi siwezi kusema, na sidhani kama ni juu yangu. Ila wale wanaosema "original" kwenye video zile natamani wangekaa na mama yangu dakika tano.

Isuzu niliitengeneza niliporudi Dar, niliiunga kwa vipande vya injini tofauti vilivyokuwa kwenye kopo la mabaki, nikaipaka kijivu, nikachora mafuta yanayovuja pembeni kwa sababu ilikuwa inavuja. Pasaka nikaipeleka. Sikuibandika kwa gundi, na ile ya petroli nayo nikaifungua isishike, zote mbili zinaingia na kutoka kwa kuchomeka tu. Gari iko juu ya kabati la vyombo, kwenye kioo. Nikienda nanyanyua boneti kwanza kabla ya kusalimia vizuri. Mwezi wa kumi na mbili nilikuta Isuzu, mwezi wa nne nikakuta ya petroli, na wote wawili nikiwauliza wanasema hawajaigusa.