Siku niliyoshika kamba ya mkia

Hii ilikuwa 2016, mwezi wa pili, Dubai. Nilikuwa nimetoka Kenya na cheti changu cha afya ya mifugo, nyumbani nilizoea ng'ombe na mbwa, farasi wa kupasuliwa nilianza kuwaona kwenye hospitali moja nje kidogo ya mji, na kazi yangu ikawa kukaa kichwani kwa mgonjwa, kuangalia mashine ya gesi na kuandika presha kila dakika tano.

Siku hiyo aliletwa farasi jike wa Kiarabu, wa zile mbio ndefu za jangwani, kilo 400 hivi, kijipande cha mfupa kimemeguka kwenye kifundo cha mguu wa mbele. Aliyemleta ni mzee wa Kiomani, nikamsalimia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Wewe mtu wa Kenya?" Kumbe kazaliwa Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, wakahamia Maskati miaka ya 70. Nikamwamkia shikamoo. Akasema, "Marahaba mwanangu. Huyu nimemlea tangu ananyonya. Ataamka lakini?"

Lile swali lilinichoma, maana wiki tatu nyuma tulikuwa na dume mchanga, upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri kabisa, lakini wakati wa kuzinduka akakurupuka mapema, gesi bado imo mwilini, miguu haimtii, akaanguka, akajaribu tena akaanguka, mara ya tatu tukasikia mfupa. Hakuna kilichobaki hapo ila kumpa sindano ya mwisho. Mtu akitoka kwenye nusukaputi anageuza shingo kitandani anaomba maji, farasi akifungua macho anachotaka ni kusimama akimbie. Kati ya farasi 100 wanaolazwa kwa gesi karibu mmoja hufa, na kuvunjika wakati wa kuamka ni moja ya sababu kubwa. Nikamwambia mzee inshallah tu.

Tukamlaza kama kawaida, kwanza zailazini, dawa ya kutuliza, mpaka kichwa kikashuka karibu na magoti, halafu ketamini na daizepamu za kumlaza, akakaa chini taratibu, mpira ukaingia kooni, tukaanza gesi ya usingizi, aisoflureni. Nusu saa hivi naona jicho linaanza kucheza, linakwenda upande linarudi, ishara kwamba usingizi unapungua, na presha wakati huohuo ni 58. Mkono wangu ukaenda kwenye gesi kuiongeza, dokta akanishika kifundo cha mkono. Gesi ndiyo inayoshusha presha, akasema, ukiongeza hapo unamzamisha zaidi, na ikikaa chini ya 70 ile misuli aliyoilalia haipati damu, inakufa akiwa usingizini, akiamka mguu haubebi.

Akachanganya zailazini kwenye dripu, ikawa inaingia polepole, kama robo gramu kwa saa, pembeni dobutamini kidogo ya kuusukuma moyo. Jicho likatulia. Tukashusha gesi kutoka asilimia mbili na nusu mpaka moja na nusu hivi, presha ikapanda 66, 71, 76. Niliweka kidole chini ya taya pale mshipa unapopita, nikasikia tu, tu, tu, halafu kimya, halafu tu tena, nikashtuka, dokta akaniambia zailazini ndivyo inavyofanya moyo wa farasi, unaruka pigo moja, endelea kuhesabu. Mkojo nao ulikuwa unatoka bila kukoma, dawa hiyohiyo, ndiyo maana tulimwekea mpira wa mkojo mapema, farasi mwenye kibofu kimejaa hatalala akatulia.

Saa moja na robo, upasuaji umeisha. Winchi ikambeba mpaka chumba cha kuamkia chenye magodoro ukutani, taa tukazipunguza, pamba masikioni, taulo juu ya macho, na kabla ya kutoka dokta akampa zailazini tena, chini ya mililita moja, yaani kitu kidogo mno kwa mnyama wa ukubwa ule. Ni ya kumwambia asikimbilie, alale mpaka gesi yote imtoke kwa pumzi. Kamba ya kichwa akashika mwenzangu, ya mkia mimi, zimepita kwenye pete za ukutani, za kumshikilia asianguke akisimama, sisi tuko nje ya mlango.

Dakika 10. 20. 40. Mzee kasimama nyuma yangu hasemi kitu, namsikia tu tasbihi. Yule dume alikuwa keshanyanyuka zamani kufikia hapo, huyu anapumua tu, puani panatikisika. Dakika ya 52 akajiviringisha akakaa kifuani, akatikisa masikio, akakaa hivyo muda mrefu kama mtu anayekumbuka jina lake, kisha akanyoosha miguu ya mbele na kusimama. Mara moja. Akayumba hatua mbili akatulia.

Mzee akanishika mikono akaigeuza atazame viganja, kamba imenichuna vipi. Haikunichuna, sikuwa nimeivuta.