Siku Moja Kando ya Nile na Wadudu Wanaopotezwa na Mng'ao

Saa kumi na moja na nusu alfajiri natoka nyumbani Walukuba, mjini Jinja, baiskeli ikiwa imebeba trei mbili, nyeusi na nyeupe, pamoja na chupa ya mafuta ya kupikia.

Saa moja asubuhi trei ziko chini karibu na ukingo wa Nile, zikiwa na mafuta kidogo ya kunasa wadudu. Ni trei ndogo kwa makusudi, kwa kuwa kila mdudu anayefia humo huniumiza. Maji matulivu huakisi mwanga uliopolarishwa, yaani mwanga ambao mawimbi yake hutikisika zaidi kwa mlalo. Macho yetu hayautambui, lakini kereng'ende na wadudu wengine wanaotaga majini huutumia kama alama ya maji. Lami, kioo, plastiki nyeusi na paneli za sola huakisi mwanga wa namna hiyohiyo, mara nyingi kwa nguvu kuliko maji yenyewe. Mwaka 2009 Gábor Horváth wa Hungaria na wenzake waliuita mng'ao huu unaowapoteza wadudu uchafuzi wa mwanga uliopolarishwa.

Saa sita mchana, penye maegesho, jike la kereng'ende anagusisha ncha ya mkia wake kwenye boneti ya gari jeusi, anainuka, anarudi tena. Mlinzi, askari mstaafu, anakuja kutazama.

"Mwanangu, anatafuta nini hapo?"

"Anataga, mzee. Anadhani ni maji."

Anatazama kwa muda mrefu, kisha anauliza kama kulifunika gari turubai isiyong'aa kungesaidia. Kungesaidia sana, kwa sababu mayai yale yatakauka juu ya bati la moto.

Alasiri ni ya kuandika tu.

Saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ninayoihofia. Wapo wadudu wa majini, kama Povilla adusta wa Ziwa Viktoria anayeibuka kwa wingi baada ya mwezi mpevu, ambao wakishaota mabawa huishi saa chache tu, hivyo anayetua pasipofaa hapati nafasi ya pili. Kuzima taa hakutoshi hapa, maana mng'ao wa machweo pekee unatosha kuwapoteza. Trei nyeusi imejaa. Nyeupe, isiyofanana na maji machoni pao, ina wachache.

Horváth na wenzake walionyesha kwamba mistari myeupe juu ya paneli za sola hupunguza mvuto huo. Mzee ananishikia tochi nikihesabu. Kesho nitaleta trei ya tatu, nyeusi yenye mistari myeupe.