Maswali 201

Mafunzo yalikuwa ya siku nne, Raskazone, Tanga, kwenye ukumbi unaopigwa na upepo wa bahari hata karatasi tukawa tunazikandamiza kwa vikombe. Watu tisa, wote waandishi wa programu wa siku nyingi, nami nimeitwa niwafundishe fremuwaki ya Django, yaani seti ya zana za kujengea tovuti kwa lugha ya Python. Nilikuwa nimezoea wanafunzi wa chuo, nikaja na masomo yale yale, nikianzia mwanzo kabisa.

Siku ya kwanza ilikuwa nzito. Kilichowaamsha ni kusikia kwamba Django ilizaliwa mwaka 2003 kwenye gazeti, Lawrence Journal-World la kule Kansas, Marekani, mahali ambapo kurasa mpya zikihitajika, zinahitajika leo. Hilo liliwaingia. Nao wana wateja wa namna hiyo.

Kesho yake, mkubwa wao, aliyeanza kuandika programu kwa lugha ya PHP mimi nikiwa shule ya msingi, hakufungua laptopu. Nikamwamkia. Aliitikia, kisha akasema taratibu, "Mdogo wangu, sisi si watoto wa kidato cha kwanza. Na hiki kitu kinachoniandikia SQL, sijui kinaiuliza nini hifadhidata yangu. Mimi SQL naandika mwenyewe." SQL ni lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali, na Django humwandikia mtu.

Hadi leo naamini hilo ndilo lililokuwa neno zito kuliko yote ya wiki ile. Nikafunga masomo yangu, nikamwomba atupe kazi yake ya kweli. Akatoa orodha ya vyombo vya uvuvi, mashua na ngalawa 200, kila kimoja na diko lake, pale kinapotia nanga: Sahare, Kigombe, Moa. Tukaiandika kwa Django, yeye akisema, mimi nikichapa. Ukurasa ukafunguka vizuri. Kisha nikaitaka Django ituonyeshe kila swali ililoiuliza hifadhidata.

Maswali 201.

Ukumbi ukawa kimya. Swali moja la kuvileta vyombo vyote, halafu moja kwa kila chombo: diko lake lipi? Diko lake lipi? Na madiko yenyewe ni matatu tu!

"Unamtuma mtoto dukani mara 200," akasema, "na kila safari anarudi na njugu moja."

Sijasikia maelezo yanayolishinda hilo, na kila nifundishapo nayatumia. Nikaongeza neno moja tu kwenye msimbo, select_related. Yakabaki maswali mangapi? Moja, lenye JOIN ndani yake, yaani linaloyaunganisha majedwali mawili kwa mkupuo mmoja. Alisimama, akasogea ukutani kwenye mwanga wa projekta, akalisoma kwa kidole hadi mwisho.

"Hivi ndivyo ningeandika mimi."

Akarudi kitini, akafungua laptopu.

Kutoka hapo wao ndio waliochagua tufuate nini, na tulikwenda mbali kuliko nilivyopanga.

Usiku wa siku ya tatu, baada ya isha, nilimkuta Ngamiani kwa muuza kahawa, laptopu magotini. Alikuwa ameielekeza amri ya inspectdb kwenye hifadhidata yake ya zamani, amri inayosoma majedwali yaliyopo na kuyaandikia modeli zake, yaani msimbo wa Python unaoyaeleza. Majedwali ya miaka na miaka yalikuwa yanashuka kwenye skrini, moja baada ya jingine.

"Kaa hapa, mwalimu," akanisogezea nafasi barazani. "Hili hapa nililitengeneza mwanangu wa kwanza alipozaliwa. Nilishalisahau."