Nilivyohama Plasmo kwenda WXT kwa sababu isiyo ile ya kwanza

Dada yangu ni wakala wa forodha pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Bei za vipuri anazozikuta mtandaoni ni za dola, naye anazitaka kwa shilingi za Uganda, tena kwa kiwango alichopewa asubuhi hiyo na wabadilisha fedha. Nikamtengenezea kiendelezi cha Chrome, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari: anaandika kiwango kwenye kidirisha, na kila bei ya dola inapata shilingi pembeni.

Nilitumia Plasmo, fremuweki ya kutengenezea viendelezi, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Unaweka faili la popup.tsx mahali pake, manifest (faili linalokitambulisha kiendelezi kwa Chrome) inajitengeneza. Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, simu ikalia: "Mdogo wangu, dola leo zinagawiwa bure?" Akanitumia picha: dola 120, pembeni yake USh 0. Kwangu hapa Kawempe, kwa kiwango kile kile cha 3,700, ilisoma 444,000 vizuri kabisa.

Nikailaumu fremuweki. WXT, fremuweki nyingine ya aina hiyo, nilikuwa nimeshaisikia ikisifiwa, basi nikanunua bando, nikapakua lundo la paketi, nikahamisha kila kitu. Jioni ile ile dada akajaribu. Sifuri imenifuata hadi huko.

Kosa lilikuwa langu. Kiwango nilikiweka kwenye kigeu tu, yaani kumbukumbu ya muda, ndani ya skripti ya nyuma, ile inayofanya kazi bila kuonekana. Kwenye Manifest V3, toleo la tatu la kanuni za viendelezi, Chrome huizima skripti hiyo ikikaa sekunde 30 bila kazi. Ikiamshwa inaanza upya, na kigeu changu kinaanza na sifuri. Kwangu haikuzimwa kwa sababu nilikuwa nimeifungulia DevTools, zana za Chrome za kukagulia msimbo, kutwa nzima, na DevTools ikiwa wazi skripti haizimwi. Kumbe kuichungulia kwangu ndiko kulikokuwa kunaiweka hai.

Nikahamishia kiwango kwenye storage.local, hifadhi ya kivinjari isiyofutika skripti ikizimwa, ikaisha. Dawa hiyo hiyo ingefanya kazi kule kule Plasmo, na bando langu lingepona.

Sikurudi, lakini. Kidirisha changu kina kisanduku kimoja na kitufe kimoja, na React, maktaba ya kujengea skrini, niliyoibeba kutokana na mazoea ya Plasmo ilikuwa mzigo wa lori kwa safari ya bodaboda. Kwenye WXT nilikiandika kwa HTML na JavaScript tupu. Tena WXT imejengwa juu ya Vite, zana ya kujengea programu za wavuti ninayoitumia kwenye kazi zangu nyingine, kwa hiyo kitu kikikwama najua pa kuanzia kutafuta. (Folda ya .output, ambamo WXT huweka kiendelezi kilichokamilika, ilinipotea robo saa nzima. Jina linaanza na nukta, kompyuta ikaificha.)

Sasa mwenzake dada ofisini, anayetumia Firefox, anakitaka pia. Amri ya wxt build -b firefox imekitoa kutoka kwenye msimbo ule ule. Nangoja sahihi ya Mozilla, wenye Firefox. Kiendelezi changu kingine, chenye skrini sita za React, kiko Plasmo na sijakigusa.