Vipande Vilivyosalia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Habari ya mikate mitano na samaki wawili tumeisikia tangu utotoni. Wiki hii nimekwama kwenye Yohana 6:12. Wanaume wapatao elfu tano wameshiba, na aliyewalisha anaweza kuurudia muujiza ule kesho akitaka. Hata hivyo anawaagiza wanafunzi waokote vipande vilivyosalia, kisipotee kitu. Vikajaa vikapu kumi na viwili.

Mwenye uwezo wa kuzidisha mkate hakuruhusu makombo yakanyagwe. Nami, nisiyeweza kuumba hata chembe, naacha taa iwake usiku kucha kwenye chumba kisicho na mtu.

Juzi, kabla ya sala ya usiku, nilizunguka nyumba yangu. Televisheni imezimwa kwa rimoti tu, kitaa chake chekundu bado kinawaka. Koridoni ipo balbu ya zamani ya wati 60. Balbu za aina ile hugeuza karibu asilimia 90 ya umeme kuwa joto, wakati balbu ya LED ya wati 9 hivi hutoa mwanga uleule. Niliona aibu, maana nilikuwa nimeahidi kuibadilisha tangu mwaka jana.

Umeme mwingi duniani bado hutokana na kuchoma makaa ya mawe na gesi, na uchomaji huo hutoa hewa ya ukaa, inayoizidishia dunia joto. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa kama 280; sasa imepita 420, na sehemu yake hubaki angani kwa mamia ya miaka. Uzembe wangu wa usiku mmoja utawakuta vilembwe. Tena ukame na mafuriko yanayochochewa na joto hilo huwaumiza zaidi wale waliochoma kidogo kuliko wote. Jirani niliyeamriwa kumpenda ni huyo.

Ndugu mmoja aliniuliza balbu yangu itafaa nini mbele ya viwanda vikubwa. Ana haki ya kuuliza, na wenye viwanda na serikali tusiache kuwadai. Lakini siku ile kule nyikani, vikapu vilijaa kwa watu kuinama na kuokota kipande kimoja kimoja.

Wiki hii nafunika sufuria inapochemka, nachemsha maji ya vikombe tutakavyokunywa tu, na safari fupi naenda kwa miguu. Nanyi, wapendwa, zungukeni nyumba zenu usiku mmoja kabla ya sala. Jumapili tusimuliane tulichookota.