Wiki ya chaja za betri ya volti 12

Jumatatu. Oda ya wiki hii ni chaja 20 za USB, kila moja na matundu mawili, za vibanda vya kuchaji simu vinavyotumia sola na betri ya asidi. Mteja alitaka tutumie 7805, kipande kinachoshusha volti hadi 5 kwa kugeuza zilizozidi kuwa joto, kwa kuwa ni bei chee. Tukapiga hesabu mbele yake. Betri ya "volti 12" inapochajiwa na sola hufika volti 14.4. Simu inataka 5, kwa hiyo 9.4 zinabaki kwa 7805. Simu moja ikivuta ampea 1, hizo ni wati 9.4 za joto tupu, karibu mara mbili ya wati 5 zinazoingia kwenye simu yenyewe. Bila bati kubwa la kupoza, 7805 hujizima, ikipoa huwaka tena, na lawama anabeba mwenye simu. Tumechukua moduli za LM2596, bodi ndogo za kushusha volti, ambazo badala ya kuchoma volti zilizozidi huwasha na kuzima umeme mara 150,000 kwa sekunde, kwa hiyo joto ni dogo.

Jumanne, bodi. Moduli zinakuja tayari. Bodi tunayotengeneza wenyewe ni ya fyuzi, dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) na matundu ya USB. Mchoro wa njia za umeme huchapwa kwa tona, wino wa unga wa printa ya leza, kwenye karatasi, kisha hupigwa pasi ya nguo uhamie kwenye shaba ya bodi. Shaba husuguliwa kwa sufi ya chuma mpaka ing'ae, kisha haiguswi tena, maana mafuta ya kidole hufanya tona isishike. Karatasi ikishapigwa pasi, iloweke hadi ilainike yenyewe. Anayeibandua kwa pupa hubandua na njia. Feriki kloraidi, dawa inayokula shaba isiyofunikwa na tona, tunaitia kwenye beseni la plastiki, ya uvuguvugu, huku tukilitikisa. Bodi ikisahaulika humo, dawa hula njia kutoka ubavuni, chini ya tona, na huwezi kuona mpaka umeisafisha. Dawa iliyochoka ina shaba ndani yake, haimwagwi kwenye sinki.

Jumatano na Alhamisi ni kuchomelea tu. Risasi ya kuchomelea ya 60/40 (bati 60, risasi 40), pasi ya kuchomelea kwenye nyuzi 340 hivi. Ncha iguse mguu na shaba kwa pamoja, ndipo risasi ifuate. Ikijikunja kama tone juu ya mguu, shaba haikupata moto. Miguu ya ganda la USB hunywa joto, ipe muda zaidi. Na usisahau kuunganisha D+ na D-, pini mbili za data, kwenye kila tundu: zikiachwa wazi, simu nyingi hazitambui kwamba ziko kwenye chaja, zinavuta umeme kidogo, na mtu anakuja kudai chaja ni feki.

Ijumaa, kupima. Moduli hufika na skrubu yake ya kurekebisha volti imekaa popote, hata volti 10, kwa hiyo hakuna simu inayoguswa kabla ya mita kusoma volti 5.1. Skrubu tunaizibia kwa rangi ya kucha, isilegee barabarani. Kisha kila tundu linapewa rezista ya omu 5 ya wati 10, inayovuta umeme badala ya simu, lifanye kazi nusu saa. Tunapima mwisho wa kebo, si kwenye bodi, kwa sababu kebo nyembamba hula volti. Chini ya volti 4.75 kebo inabadilishwa.

Jumamosi, kufungasha. Kwenye mwingilio kuna fyuzi ya ampea 2, na nyuma yake dayodi ya 1N5408 iliyowekwa kinyume, ili mtu akigeuza nyaya za betri iungue fyuzi, moduli ipone. Kila chaja inaondoka na fyuzi mbili za akiba. Asipokuwa nazo, mwenye kibanda atafunga waya wa shaba pale pale.